Laptopu ya Mhasibu

Kitu cha kwanza kwenda kombo kilikuwa saa.

Bisibisi aliiwasha laptopu ya mhasibu asubuhi, mara tu baada ya mumewe kutoka kwenda kazini, akaona kwenye pembe ya skrini kwamba jua linakaribia kutua. Akacheka puani. Fundi yeyote aliyewahi kuweka mfumo wa Linux ubavuni mwa mwingine anaijua kasoro hiyo, wala haimkoseshi usingizi. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoishi kwa betri ya duara kama kifungo cha koti. Mfumo wa zamani ukiisoma, huamini inataja saa ya pale nyumbani. Linux ikiisoma, huamini inataja saa ya dunia nzima, basi huongeza au kupunguza ipate ya nyumbani. Kila ukitoka kwa huyu ukaenda kwa yule, saa inaruka. Mabwana wawili wanagombea saa moja, na kila mmoja anaapa kuwa mwenzake ndiye mwongo. Dawa yake ni amri fupi tu ya kuwapatanisha.

Aliiandika amri hiyo, akabonyeza, saa ikakaa sawa. Akanyoosha mkono achukue chai yake. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando juu, na dirishani jua lilikuwa linakaribia kutua.

Alibaki ameshika kikombe. Kisha akajiambia kwamba kazi ikimkolea mtu, hata nyumba ikiungua hajui, na hilo lilikuwa kweli kwake kuliko kwa watu wengi. Akaenda kuosha kikombe.

Jina la Bisibisi alipewa na wateja, kwa sababu bisibisi yake ndogo huwa ameichomeka kwenye kilemba, na mara nyingi huitafuta nyumba nzima hali iko kichwani. Karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba yake mwenyewe: meza chini ya dirisha, matumbo ya mashine yamezagaa juu yake, na kwenye kochi binti yake wa pekee, waliyemwita Kasuku kwa jinsi asivyofunga mdomo. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mtu wa kukunja nguo zake mwenyewe. Bisibisi aliwapenda wote wawili, lakini upendo wake ulikuwa wa mtu mwenye shughuli. Kasuku akiita "Mama!" yeye husema "Subiri," akiwa hajainua macho, na pengine kazi inapoisha mtoto ameshalala na viatu miguuni.

Alikuwa pia na mzaha wake, uliojulikana mtaa mzima. Kila akiwekea kompyuta mfumo wa pili, hufika mahali pa kuubana ule wa zamani usogee, ili papatikane chumba kitupu kwenye diski. Hapo, kabla hajabonyeza, husema kwa sauti ya mwenye nyumba aliyefungua mlango: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wateja walicheka. Wengine walimletea kazi kwa ajili ya mzaha huo tu.

Mhasibu hakucheka. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu, mwenye tabia ya kutazama mlango huku anazungumza na wewe. Alieleza kwamba programu yake ya hesabu haifanyi kazi ila kwenye mfumo wa zamani, na ofisi mpya anakokwenda wanatumia Linux.

"Usiufute wa zamani, fundi. Nataka wakae wote wawili."

"Watakaa. Hata wake wenza hukaa."

"Na lile neno lako?" aliuliza, akitazama mlango. "Utalisema?"

"Mzee wangu, lile halina malipo," Bisibisi alimjibu. Mhasibu akashusha pumzi, akaondoka bila hata kuuliza kazi itakwisha lini.

Kazi yenyewe iligoma mapema. Mashine ilimwandikia kwamba mfumo wa zamani haujazimwa, umelala tu. Mifumo hiyo ina ujanja: ukiizima hujifanya imekufa, kumbe imesinzia na vitu vyake mkononi, ili kesho iamke upesi. Kanuni ya mafundi ni moja, nayo wanaijua hata wanaoanza: usihamishe vyombo vya mtu aliyelala. Umwamshe kwanza, umzime sawasawa, ndipo uingie. Lakini kumwamsha kulitaka nywila, na simu ya mhasibu ilikuwa haipokelewi. Kasuku naye alikuwa anaita jikoni, anataka kufunguliwa mkebe wa biskuti. Bisibisi akachoka. Kulikuwa na njia ya kulazimisha, akaishika hiyo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akabonyeza.

Feni ya laptopu ilinyamaza. Ilikaa kimya kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuishikilia, kisha ikaanza tena, polepole, ikipanda na kushuka. Chumbani kukaingia harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua, na nje ardhi ilikuwa kavu imepasuka.

Hayo yalikuwa siku moja kabla ya saa kuruka. Baada ya hapo iliruka mara kwa mara, na kila iliporuka, iliruka naye mpaka jioni. Alikuwa anakaa mezani mchana kweupe, anaandika amri yake ya kupatanisha, anainua macho, na taa za mtaani zinawaka. Saa ya ukutani ilikubaliana na giza. Alibadilisha ile betri ya duara. Alipanga upya orodha ya kuchagulia, ile inayotokea mashine ikiwaka na kukupa nafasi fupi useme unamtaka nani kabla haijajichagulia yenyewe. Hakuna kilichosaidia, na yeye, kama kinyozi asiyejinyoa, hakufikiri hata mara moja kwamba labda kibovu si mashine.

Ni mumewe aliyemfungua macho, naye hakujua anafungua nini.

"Jana ulinichekesha mpaka mbavu zikaniuma," alimwambia asubuhi moja, akifunga vifungo vya shati. "Sijakuona vile tangu tuoane. Yule mhasibu na aje kila mwezi, maana mashine yake imekufanya mtu mwema."

"Nilisema nini?"

"Ah, unataka nirudie nikuharibie?" Akambusu kwenye paji la uso, jambo ambalo lilikuwa limekufa nyumbani humo miaka mingi, akatoka anapiga mluzi.

Bisibisi alisimama katikati ya sebule. Kasuku alikuwa kwenye kochi anachora. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyozunguka kichwa na kukutana utosini, kazi safi, hakuna unywele uliotoroka.

"Nani amekusuka?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa jina lake. "Wewe."

Bisibisi hajui kusuka. Hajawahi kujua. Mama yake mzazi alimfundisha akashindwa, akasema mikono hii imeumbwa kwa nyaya. Alipeleka vidole puani, na vilikuwa vinanuka mafuta ya nywele, na chini ya mafuta, lile vumbi lenye mvua.

"Mama wa jioni havuti," Kasuku aliendelea, akipaka rangi. "Wewe ukinichana unavuta. Na yeye anajua hadithi. Lakini kaniambia nisikuambie ukiwa umeamka."

"Mimi niko macho sasa hivi?"

"Ndiyo," mtoto alisema kwa huzuni kidogo. "Sasa hivi uko macho."

Mchana huo aliweka simu irekodi sauti, akaificha nyuma ya redio, akakaa mezani mbele ya ile laptopu akiwa ameishika meza kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye gari linaloshuka mlima. Akainua macho, giza. Jikoni vyombo vimeoshwa, mumewe na mtoto wamekwisha kulala, na yeye mwenyewe amevaa gauni ambalo hakumbuki kulitoa sandukuni.

Aliisikiliza ile simu bafuni, mlango umefungwa, bomba limefunguliwa ili asisikike. Kwanza ilikuwa ni pumzi yake mwenyewe. Kisha kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho feni ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, mpaka akashindwa kutenganisha ipi ni feni na ipi ni pumzi. Kisha kiti kikasogezwa, na sauti yake, ile ile, ila imelainishwa kama nguo iliyopigwa pasi, ikasema, "Kasuku, mama. Njoo tukae." Akasikia mtoto akicheka. Akasikia mumewe akiingia, na sauti ile ikimwambia avue viatu apumzike, na mumewe akisimulia habari za shuleni, za mwanafunzi mmoja anayekuja bila kula, habari ndefu ambazo Bisibisi hakuwahi kuzisikia kwa sababu hakuwahi kuuliza. Na mwisho, walipokwenda kulala, nyayo zilikuja taratibu mpaka nyuma ya redio, zikasimama, na sauti ikaongea karibu sana na simu, kwa kunong'ona, bila ubaya wowote ndani yake:

"Mwenzangu. Usinitafute kama mwizi. Mimi sikuvunja mlango. Nilikaribishwa, na wewe ulikuwa umelala."

Alifunga bomba. Hakulikaza, akaliacha linadondosha.

Asubuhi, kabla saa haijapata nafasi ya kumchukua, alifuta kila kitu. Alikifuta kile chumba cha Linux chote, akairudisha nafasi yake kwa mfumo wa zamani, akaondoa hata lango la kuingilia. Akaizima. Akachomoa betri. Akaweka laptopu juu ya meza kifudifudi, matumbo nje, haina umeme wowote, akashika mlango aondoke, na nyuma yake feni ikaanza. Skrini ilikuwa imelalia meza, lakini mwanga ulipenya pembeni, na alipoinama kuchungulia aliona orodha ile ile ya kuchagulia ikiwa na mistari miwili isiyo na maandishi, na kivuli cha uchaguzi kikishuka chenyewe kutoka wa juu kwenda wa chini, kikapanda, kikashuka, kama mtu anayepima viatu dukani.

Alikimbia na viatu mkononi mpaka kwa mhasibu.

Alimkuta ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alikuwa amenenepa. Macho yake yalikuwa meupe, na hakutazama mlango.

"Ulijua," Bisibisi alimwambia.

"Nilijua, fundi." Hakujitetea. Alimvutia kiti, naye hakukaa. "Dude hilo lilikaa kwangu mpaka nikasahau sura yangu. Siku nilipoondoka pale kwako nililala kama mtoto mchanga."

"Mafundi wamejaa mjini. Kwa nini mimi?"

"Wenzako wawili niliwapelekea mashine. Wanafanya kazi kimya. Wewe unakaribisha."

Alitaka kumpiga. Alijikuta anashika ukingo wa meza. "Linatokaje?"

"Linahama, mtu mwingine akilikaribisha." Akashusha sauti. "Wapo mafundi wachanga ungeweza kuwafundisha ule mzaha wako."

Bisibisi alifikiri, na hili lisifichwe: alifikiri. Aliwapitisha kichwani mmoja mmoja, vijana wa karakana za sokoni, na kila mmoja alikuwa na mtu anayemsubiri nyumbani. "Njia nyingine?"

"Mganga. Lakini mganga haoni ndani ya mtu, anategemea watu wa nyumbani wamwonyeshe mwenyeji ni yupi. Mimi nilikuwa mpweke, sikuwa na wa kunisemea." Akamtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. "Wewe una mume na mtoto. Shukuru."

Mganga alikuja alasiri, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa plastiki, anayehema kwa ngazi. Alifunga pazia, akatia ubani kwenye kijungu, akaiweka laptopu sakafuni, akamkalisha Bisibisi nyuma yake na mume na mtoto mbele. Akaomba dua zake. Moshi ulipojaa, harufu ya ubani ikazidiwa na ya vumbi na mvua, na Kasuku akapiga chafya.

"Mwenyeji wa mwili huu ni nani?" mganga aliuliza.

"Mimi," alisema Bisibisi.

"Mimi," ulisema mdomo wake tena, kwa upole.

Mume aliruka kidogo alipokaa. Mganga hakushtuka. "Kila mmoja na ashike mkono wake, tumjue."

Bisibisi aliukimbilia wa kulia, mkono wake wa kazi, wenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba. Aliuinua, na kwa mshangao akautazama wa kushoto ukiinuka wenyewe, bila haraka, vidole vikiwa vimelegea vizuri, na akahisi kwa mara ya kwanza, waziwazi, kwamba ndani ya kifua chake kuna mtu mwingine amekaa, amekunja miguu, anasubiri kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha kuzoea kiti chake, na kwamba mtu huyo hana wasiwasi hata kidogo.

"Sikilizeni," mganga aliwaambia mume na mtoto. "Sina macho ya kuona humo. Nyie ndio macho yangu. Mtakayenionyesha kuwa ni wenu, atabaki. Mwingine nitamtoa. Likishatoka neno langu, halirudi."

"Baba Kasuku," Bisibisi alisema haraka, "ni mimi. Mkono wa kulia. Ni mimi, unanijua."

Wa kushoto ulikunjua vidole, ukangoja.

Mume alitazama mkono wa kulia. Aliitazama ile alama ya kuungua, ambayo yeye mwenyewe aliifunga kitambaa zamani, na Bisibisi akaona usoni mwake kwamba amejua. Hakuwa na shaka hata chembe. Kisha macho yake yakahamia kushoto, yakakaa huko, yakajaa machozi, na akafanya jambo ambalo labda hata yeye hakutegemea kulifanya.

"Mtoto ndiye aseme," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto hadanganyi."

"Baba Kasuku!"

"Mtoto ndiye aseme," alirudia, akainamisha kichwa.

Mganga alimgeukia Kasuku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Kasuku alikuwa amekosa maneno. Alisimama kwenye moshi, akatazama mkono huu, akatazama ule. Bisibisi alitaka kumwambia mengi, kwamba zile "subiri" zote zilikuwa za kumtafutia ada na viatu, kwamba hakuna siku aliyoacha kumpenda, kwamba atajifunza kusuka hata kama itamchukua mwaka mzima, atajifunza hadithi, ataitupa meza ile nje na mashine zake zote, lakini maneno yote yalimjia mdomoni kwa wakati mmoja yakabanana, na alichoweza kusema ni, "Mwanangu, subiri..."

Kasuku akaenda kushoto. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Kwa nini huyu, mjukuu wangu?" mganga aliuliza.

"Nikimwita anaitika."

Mganga akamwekea Bisibisi kiganja kwenye paji la uso, upande wa kulia, akasema neno lake.

Hakukuwa na maumivu. Ilikuwa kama kusahau kitu ambacho bado unakiona. Mkono wake wa kulia ulishuka ukatulia pajani, nao haukuwa wake tena. Feni ya laptopu ilizimika. Pazia lilifunguliwa, jua la alasiri likaingia, na Bisibisi akajikuta amesimama pembeni mwa kochi akiwaona wote wanne: mganga anafuta miwani, ameridhika, mumewe amepiga magoti analia kwa kwikwi na kuomba msamaha bila kusema wa nini, mtoto, na yule mwanamke mwenye kilemba chake anayempapasa mume mgongoni.

Aliita. Hakuna aliyegeuka. Aliita tena kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono akamgusa mtoto begani.

Kasuku akajikunyata. "Mama, hapa kuna baridi."

Mwanamke aliinua macho. Alitazama pale hasa alipokuwa Bisibisi, bila chuki, kama unavyomtazama jirani mliyepakana naye ukuta. Kisha akafungua mikono yake.

"Njoo huku kwangu, mama," alimwambia mtoto. "Hapo pana mtu."